Nyota kubwa ya Krismasi ya kutengeneza nyumbani, bajeti elfu 80: nondo au paipu? Na mbona mikono miwili inazima saa tatu usiku?

#1 dogo_wa_Igoma
Habari wakuu, niko Mwanza. Kuna nyota ya kipenyo mita 2 juu ya baraza, fremu ni paipu za wayaringi za milimita 20. Stripi (ule utepe wa taa za LED) ni nyeupe ya volti 12, taa 60 kwa mita, imefuata pembezoni mwa nyota kuanzia mkono wa chini kushoto, ikazunguka mpaka ikarudi palepale. Saplai, ile inayoshusha umeme wa ukutani kuwa volti 12, ni ya ampia 5, iko juu huko huko imefunikwa na ndoo. Jioni inawaka yote. Ikifika saa tatu mikono miwili ya mwisho inaanza kufifia, saa tano giza kabisa. Kesho yake jioni inawaka tena kama hakuna kilichotokea.

Swali la pili: jirani anataka ya kwake, iwe kubwa hivyo au zaidi, mfukoni ana elfu 80. Aende na nondo au paipu?

#2 Volti12
Hesabu kwanza, ngazi baadaye. Nyota ya nusu kipenyo mita 1 ina pande kumi, kila upande sm 72.65, jumla mita 7.27. Stripi za taa 60 kwa mita ziko aina mbili madukani na ukiwa na haraka utadhani ni moja. Yenye taa kubwa za mraba (5050) inakula wati 14.4 kwa mita. Yenye taa ndogo (2835) nyingi zinakula wati 4.8 kwa mita. Ya kwanza inakupa wati 105, karibu ampia 9, na saplai yako ya 5 inabebeshwa mzigo wa watu wawili. Ya pili ni wati 35, ampia 3 kasoro. Unayo ipi? Kama ni 5050 uzi umekwisha, tukalale.

#3 dogo_wa_Igoma
Ni 2835, nyuma imeandikwa.

#4 mzee_wa_solda
Basi hatulali.

Stripi ya volti 12 imegawanyika vipande vya sm 5, kila kipande taa tatu mfululizo na rizista moja (kile kidude kidogo cha kupunguza mkondo). Taa tatu nyeupe zinataka jumla ya volti 9 na ushee ndipo ziwake vizuri, kinachobaki kinaliwa na rizista. Kwa hiyo kipande kikipata 12 kinang'aa, kikipata 10 kinafifia, kikipata 8 na kidogo kinakufa kimya kimya bila kuungua. Ndiyo maana kesho yake kinafufuka.

Sasa wewe umelisha mita 7 na zaidi kutoka ncha moja. Ile shaba ya ndani ya stripi ni nyembamba kama karatasi ya sigara, na rola zenyewe zinauzwa mita 5 kwa sababu hiyo hiyo: zaidi ya hapo unatakiwa kulisha upya. Mikono miwili ya mwisho ni pande nne, mita 2.9, na ndizo zinazokaa mwisho wa foleni. Mpaka hapo si ajabu. Cha ajabu ni hiyo saa tatu. Chukua mita, pima volti kwenye saplai na kwenye ncha ya mwisho, mara mbili: jioni na usiku. Utuambie pia kona umezipitaje, umekunja au umekata?

#5 Sangara_Mkavu
Nyota inalala saa tatu. Ina malezi kuliko watoto wa mtaa huu.

#6 Mama_Pasiansi
Siti ya mbele. Karanga za kuchemsha zipo.

#7 dogo_wa_Igoma
Vipimo hivi hapa. Saa 12 jioni: saplai 12.1, ncha ya mwisho 9.8. Saa tatu na nusu: saplai 12.1 vilevile, ncha ya mwisho 8.3.

Kona tano za nje nimekata na kuunga kwa zile klipu za kubana, bila solda. Kona tano za ndani nimekunja tu. Juu ya klipu nimepaka silikoni nyeupe ya masinki.

#8 mzee_wa_solda
Silikoni hiyo ilinuka siki ulipoipaka?

#9 dogo_wa_Igoma
Ilinuka hasa.

#10 mzee_wa_solda
Huyo ndiye mchawi wako. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Fungua klipu moja ya mbali uangalie pedi, vile vipande vya shaba ambavyo meno ya klipu yanashika: utakuta kijani kibichi kama sarafu iliyotoka kisimani. Pedi yenye kutu ya kijani inapitisha umeme shingo upande. Tafuta silikoni ambayo kwenye mkebe imeandikwa haina asidi (hiyo hainuki siki), au acha kabisa: tumia mpira wa kusinyaa kwa joto, uujaze gundi ya moto kabla haujasinyaa, ubane kwa koleo ungali wa moto. Vijana wa dagaa waliotoka kwenye karabai kuingia taa za betri wanafunga waya zao hivyo hivyo na zinalala majini.

#11 Kona_ya_Capri
Mzee asidi nakubali, lakini kutu haijui saa. Kama ni kutu ingezima saa 12 hiyo hiyo. Kinachobadilika kati ya saa 12 na saa tatu ni unyevu. Upepo wa mchana unatoka ziwani, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa inapoa, umande unashuka kwenye kila kitu chenye baridi. Maji yakiingia kwenye klipu yenye uchafu wa asidi, plasi na mainasi vinaanza kuongea pembeni, mkondo unavuja, volti ya mwisho inashuka. Jua likipiga asubuhi klipu inakauka. Jioni inawaka. Kila kitu kinakaa sawa na maelezo ya mleta mada.

#12 Nyavu_Inchi6
Na mimi nipite na yangu. Ni paipu. Plastiki ile inarefuka na kusinyaa sana. Upande wa sm 73 ukipigwa na jua ukafika nyuzi 50, usiku ukarudi 20, unasinyaa milimita 1 na nusu hivi. Nondo kwa joto hilo hilo haifiki hata milimita 0.3. Klipu isiyo na solda inashika pedi kwa meno mawili tu. Paipu ikisinyaa stripi inajikunja kidogo, meno yanahama kutoka shaba kwenda pembeni. Mchana paipu inarefuka, meno yanarudi. Umande wa nini sasa?

#13 Kona_ya_Capri
Paipu saa 12 jioni imeshapoa mkuu. Jua limezama.

#14 Nyavu_Inchi6
Bati la chini yake halijapoa. Nyota iko juu ya baraza, bati linatoa joto mpaka saa mbili saa tatu. Weka mkono usiku.

#15 Volti12
Mwingine wa kuongeza kwenye lundo: taa zenyewe. LED ikipoa inahitaji volti zaidi kidogo ili iwake, milivolti chache kwa kila nyuzi moja, na hapa ziko tatu mfululizo. Kushuka nyuzi 10 ni kama volti 0.1 hivi.

#16 Sangara_Mkavu
Volti 0.1 ndiyo imeua mikono miwili? Huo ni ushahidi wa kusikia.

#17 Volti12
Nimesema kuongeza kwenye lundo, sijasema ndiyo lundo.

#18 fundi_Mabatini
Wacha wagombane, mimi nijibu la jirani. Nondo, na isikunjwe hata sehemu moja.

Siri ya nyota ya bei rahisi ni kuichora kwa fito tano zilizonyooka zinazopishana, usifuate pembezoni. Chukua nondo moja ya milimita 8 ya futi 40, ambayo ni mita 12. Kata vipande vitano vya mita 1.95. Umetumia mita 9.75, umebakiwa na mita 2 na robo za kutengenezea miguu. Uzito wa nyota ni kilo 3.85, mtu mmoja anaibeba akipanda ngazi.

Kuichora chini: piga msumari kwenye udongo, funga kamba ya mita 1, zungusha duara. Kisha chukua kamba nyingine ya sm 117.5. Weka ncha yake popote kwenye duara, upande wa pili utagusa duara tena, hapo weka alama. Ruka hivyo mara tano, unarudi ulikoanzia. Kama hujarudi umepima vibaya, usilazimishe. Sasa laza nondo kutoka alama ya kwanza kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya tano, ya tano kwenda ya pili, ya pili kwenda ya nne, ya nne kwenda ya kwanza. Kila nondo inatumia sm 190, zile sm 5 zinazozidi ni za kupishana kwenye ncha.

Maungio ni kumi: ncha tano na makutano ya ndani matano. Pishanisha kama ukili, hii juu hii chini, ili fremu ijishike yenyewe. Funga kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, kaza kwa koleo mpaka waya ulie kidogo, usizidishe utakatika. Mwenye mchomeaji jirani achomee ncha tano tu, makutano ya ndani waya unatosha. Ukichomea kote kumi nondo zinavutana kwa joto na nyota inakuwa na mgongo kama pweza.

Kisha rangi. Nondo tupu kwa mvua za Novemba na Desemba inatoa kutu wiki ya kwanza, na maji ya kutu yakishuka ukutani kwa watu utalipia rangi ya nyumba nzima.

#19 Mlango1
Sahihisho dogo kwa fundi na kwa mleta mada. Nyota ya duara la mita 2 haina urefu wa mita 2. Ikisimama kwa ncha moja juu, urefu wake ni mita 1.81 na upana 1.90. Jirani akisema "nataka mita 2" muulize anapima wapi, usije ukamkatia kamba fupi.

#20 fundi_Mabatini
Sahihi. Akitaka mita 2 kamili kwenda juu, kamba ya duara iwe mita 1.105 na nondo kipande kiwe mita 2.10 bila zile za kupishana. Vipande vitano vya 2.15 ni mita 10.75, bado nondo ni ile ile moja.

#21 dogo_wa_Igoma
Shukrani fundi. Stripi inashikaje kwenye nondo? Gundi yake ya nyuma imeachia hata kwenye paipu.

#22 fundi_Mabatini
Gundi ile ni ya kukushikia stripi unapofunga, haijawahi kushika kitu kwenye jua la Mwanza. Kebo tai kila sm 20, na tai ipite katikati ya taa na taa, isikalie rizista. Kaza mpaka stripi isiteleze, ikianza kujikunja umezidisha.

Upande wa stripi hesabu inakubali vizuri sana. Sm 190 ni vipande 38 vya sm 5, unakata kwenye mstari bila kupoteza. Rola mbili za mita 5: kila rola linatoa nondo mbili (3.80) na linabakiza 1.20. Nondo ya tano unaunga 1.20 na 0.70, unabaki na nusu mita ya akiba ya kuzibia itakapoungua sehemu. Kwenye ncha usikunje, ile pembe ni kali mno, shaba inapasuka ndani na huioni. Kata, unga kwa waya laini wa sm 4 kwa solda.

#23 mzee_wa_solda
Na ulishe kila nondo peke yake. Waya tano kutoka kwenye kisanduku kimoja, kila moja inaingia mwanzo wa nondo yake. Mita 1.9 hakuna kufifia kwa kuonekana. Faida ya pili ni kutambua ugonjwa kwa mbali: kila nondo inapita mikono miwili isiyopakana. Ukiona mkono wa juu umepoteza upande mmoja na mkono wa chini kulia umepoteza upande mmoja, ni nondo moja imekufa, huna haja ya kupanda na mita.

#24 Volti12
Saplai ishuke kutoka huko juu. Ndoo inazuia mvua ila inafuga joto. Iweke ndani ya nyumba, upandishe volti 12 kwa waya. Umbali wa mita 10, ampia 3: waya wa spika wa mm² 0.5 unakula volti 2.1 njiani, wa mm² 1.5 unakula 0.7, wa 2.5 unakula 0.4. Wengi wanatumia waya wa spika kwa kuwa upo ndani, halafu wanalaumu taa. Na chagua saplai yenye nafasi ya robo juu. Kwa mita 9.5 za 2835 ni wati 46, ampia 4 kasoro, ya ampia 5 inafaa. Kwa 5050 ni wati 137, hapo nenda 15.

Kwenye LUKU hiyo ya wati 46 kwa muda wa saa tano kila usiku, siku 30, ni uniti 7 hivi. Aliye kwenye daraja la uniti 75 kwa mwezi ajihesabu kabla, asije akavuka kwa ajili ya nyota.

#25 Jiko_la_Nyegezi
Kwa nini msimwambie jirani anunue stripi za volti 220 zile za kukata kila mita? Hakuna saplai, rola moja refu, unachomeka ukutani. Saplai ndiyo inayomaliza hela kwenye hizi kazi.

#26 Volti12
Rahisi ndiyo. Lakini ile plagi yake yenye kidude ina diodi nne tu, haina transfoma. Kinachotembea kwenye stripi kinafika kilele cha volti 325, na hakijatenganishwa na umeme wa ukutani. Ukikifunga na kebo tai kwenye nondo, ganda likachubuka sehemu moja na mvua ikanyesha, fremu yote inakuwa na umeme na mtoto anaishika. Kwenye fremu ya chuma, nje, mvua ya vuli: hapana. Atakayeng'ang'ania aweke breka ya kuvuja (inayokata umeme ukivuja), ile yenye kitufe cha T na maandishi 30mA, na atumie fito za mbao.

#27 Jiko_la_Nyegezi
Hoteli zote mjini zinatumia hizo.

#28 Volti12
Hazijafungwa kwenye nondo. Na usiwe na uhakika kwamba hujawahi kuona zimezima.

#29 Ukerewe_Kwetu
Kwa visiwani ambako mtu ana sola: nyota ya wati 35 ya dogo kwa saa tano ni wati-saa 175. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya Ah (ampia-saa) 30. Ile ndogo ya 7Ah itakupa saa moja na dakika kumi, misa haijafika hata nusu. Paneli wati 60 hadi 80 maana Desemba mawingu. Na kitu ambacho wengi hawajui: betri ikiwa inachajiwa inafika volti 14.4. Rizista ya kwenye stripi iliyopangiwa kubeba volti 2.7 inabebeshwa 5, mkondo kwenye taa unakaribia mara mbili. Zinang'aa vizuri wiki moja kisha zinabadilika rangi kuwa bluu chafu. Zima taa mchana, au weka kishusha volti kabla ya stripi.

#30 Mama_Pasiansi
Mmemaliza nyota? Mtuambie na balbu kubwa, zile zinazoning'inia kama balbu ya Krismasi lakini ukubwa wa mtungi.

#31 Nyavu_Inchi6
Chupa la maji la dispensa, lita 18.9, lililopasuka shingoni wanauza kwa bei ya chuma chakavu au wanatupa. Usipake rangi nje, inachunika. Ndani weka paipu ya milimita 20 yenye urefu wa sm 35, juu yake stripi nne zilizonyooka za sm 30, pande nne za paipu. Usizungushe stripi kwenye paipu nyembamba kama nyoka, inanyanyuka kingo na shaba inavunjika. Jumla mita 1.2, wati 6 kasoro. Kisha zungushia ile nailoni ya rangi ya kufungia zawadi, tabaka mbili, mbali na stripi kidogo. Nyekundu na kijani tabaka mbili, njano tatu maana inapauka.

Shingo: kopo la rangi la lita 1 limetobolewa chini, linavikwa shingoni, halafu kamba ya milimita 10 inazungushwa juu yake kwa gundi, inapakwa rangi ya fedha. Kwa mbali ni nyuzi za balbu kabisa. Ining'inie kwa waya uliopita kwenye paipu ya ndani, usining'inize kwa kopo.

Na tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa. Usipotoboa utakuwa na taa na samaki.

#32 Sangara_Mkavu
Sato wa mapambo.

#33 Mama_Pasiansi
Asante baba. Na mpira mkubwa? Nina ringi za baiskeli tatu.

#34 fundi_Mabatini
Ringi tatu za inchi 28 ni mpira wa sm 64 na mzingo wa mita 2 kila moja. Lakini mama, ringi mbili zenye kipenyo kimoja hazipitani, na chuma hakikunjiki kama plastiki. Ya kwanza iache nzima. Ya pili kata nusu kwa nusu, chomea nusu mbili kwenye ya kwanza, moja kila upande. Ya tatu kata robo nne, zijaze katikati. Vitundu vya spoksi ndivyo vitakavyopitisha kebo tai, hapo baiskeli imekufanyia kazi ya keekee bure.

#35 Nyavu_Inchi6
Aliye na ukuta mkubwa na hela kidogo atumie nyavu chakavu ya sangara. Ikazwe kwenye fremu ya mianzi ya mita 2 kwa 2, halafu ile nyuzi ya taa 100 isukwe ndani ya macho kufuata mchoro. Jicho ni kipimo tayari, unahesabu kama karatasi ya miraba. Inchi 6 kwa kila mraba.

#36 Mlango1
Si kweli. Inchi 6 ni jicho likiwa limevutwa, fundo hadi fundo. Likifunguka mraba, kila upande ni inchi 3, sm 7.6. Mtu akichora samaki wa miraba 20 akidhani ni mita 3 atapata mita 1 na nusu.

#37 Nyavu_Inchi6
Nimekubali. Jina langu lenyewe limenisaliti.

#38 Kona_ya_Capri
Usivishe kitambaa wala turubai nyuma ya hizo fremu. Fremu tupu upepo unapita. Dhoruba ya mita 20 kwa sekunde inasukuma kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Turubai la 2 kwa 2 ni kilo 100, linaondoka na mianzi na vigae. Na mvua za radi za ziwani zinapenda usiku wa manane mpaka alfajiri, kila mtu kalala. Taima ichomoe saa sita, au uchomoe mwenyewe.

#39 Jiko_la_Nyegezi
Wadudu je? Taa nyeupe juu ya baraza msimu huu ni kuita senene, kumbikumbi na wale wa ziwani wanaokuja kama moshi. Asubuhi unafagia ndoo.

#40 Ukerewe_Kwetu
Senene si wa kufagia, ni wa kukaanga. Watu wa Bukoba wanawasha mataa makali na mabati ili waje.

#41 mzee_wa_solda
Tumia nyeupe ya njano, ile iliyoandikwa 3000K au chini. Nyeupe ya baridi ya 6500K ina bluu nyingi, na wadudu wanafuata bluu. Wanapungua, hawaishi.

#42 Nyavu_Inchi6
Wale wa moshi hawajali rangi, wanafuata mwezi. Giza la mwezi wanapanda, mbalamwezi wanapungua.

#43 Kona_ya_Capri
Au wanapanda siku zote, ila mbalamwezi taa yako haiwashindi macho. Hayo ni maelezo mawili tofauti.

#44 Sangara_Mkavu
Na wadudu wenyewe wakikauka ndani ya klipu? Hao ndio wanaozima saa tatu. Nimemaliza kesi.

#45 Mlango1
Umetania, lakini mdudu aliyelowa anapitisha umeme.

#46 Binti_Kamanga
Fremu hizi zisiishie Krismasi. Mwezi mwandamo wa Idi ni duara mbili: kubwa ya nusu kipenyo sm 100, ndogo ya sm 80, kitovu cha ndogo kisogee sm 30 pembeni. Zinakatana zenyewe na kuacha pembe mbili kali. Hapo nondo ya milimita 6 inakunjika kwa mkono kwenye misumari iliyopigwa kila sm 15. Stripi ifuate ukingo wa nje na wa ndani, saplai ni ile ile ya nyota.

#47 fundi_Mabatini
Safi dada. Kwenye mkunjo stripi ilale bapa ikitazama nje, isilazimishwe kukunjwa kwa ubavu.

#48 dogo_wa_Igoma
Mrejesho. Saplai imeshuka ndani, waya wa mm² 1.5 umepanda. Nimelisha stripi ncha zote mbili. Klipu nne za nje nimezitoa, nimeunga kwa waya na solda. Mbili zilikuwa za kijani kama mzee alivyosema, moja ilikuwa na tone la maji, moja ilikuwa kavu na safi ila meno yalikuwa yamehama. Volti katikati ya mzunguko sasa ni 11.3 jioni.

Mikono minne inawaka mpaka asubuhi. Ila mkono wa juu, ambao haukuwa na shida, sasa unapepesa kuanzia saa tatu.

#49 mzee_wa_solda
Klipu nne kati ya tano. Ya tano iko mkono wa juu?

#50 dogo_wa_Igoma
Ndiyo. Ngazi haikufika.

#51 Kona_ya_Capri
Umande.

#52 Nyavu_Inchi6
Paipu.

#53 mzee_wa_solda
Siki.

#54 fundi_Mabatini
Nondo ya futi 40 bado ipo hapa, nimeiegesha ukutani. Na ngazi ninayo.